Mistari Tisa

Kila jioni Babu aliporudi kazini alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akatundika funguo zake kwenye msumari ulio kando ya mlango, kisha akaketi kwenye kigoda na kunyoosha miguu. Mjukuu wake aliusubiri mlio wa funguo. Zikigonga ukuta tu, mchezo wao ulianza.

"Tatu," alisema mjukuu.

"Maabara."

"Tisa."

"Jiko la wagonjwa. Niulize magumu, mama."

"Kumi na moja."

"Chumba cha kufulia. Na kumi na mbili ni wodi ya wazazi, kabla hujauliza. Kumi na moja wanafua, kumi na mbili wanazaa. Atakayezikoroga hizo mbili atajuta."

Hizo zilikuwa namba za koki. Babu alikuwa fundi bomba wa kituo cha afya kwa miaka thelathini na moja. Katika chumba cha pampu kulikuwa na koki kumi na nne kwenye safu moja ukutani, na kila koki ilipeleka maji kwenye chumba kimoja. Namba zilikuwa zimepakwa rangi juu ya kila koki, lakini hakuna mahali palipoandikwa ipi ni ya chumba kipi. "Ramani ni hii," Babu alipenda kusema, akijigonga paji la uso kwa kidole.

Miezi mitatu kabla ya Babu kustaafu, mganga mkuu wa kituo aliamua kwamba ramani hiyo itoke kichwani iingie kwenye karatasi. Mwalimu wa kompyuta wa shule ya jirani aliposikia, alijitolea. "Tuna programu ya kuchorea," alisema, "na darasani kwangu nina mjukuu wa fundi mwenyewe."

Mjukuu huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na shule nzima ilimwita Chapuchapu. Alikuwa wa kwanza kumaliza zoezi, wa kwanza kusimama kengele ikilia, na wa kwanza kuanguka kwenye ngazi. Dawati moja na yeye alikaa rafiki yake, Rula, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuandika hata tarehe bila kuipigia mstari ulionyooka. Watu walishangaa jinsi wawili hao walivyopatana. Labda kila mmoja alikuwa na kile alichopungukiwa mwenzake.

Siku ya kwanza mwalimu aliwaonyesha ubao mwembamba uliokuwa upande wa kushoto wa kioo cha kompyuta. Juu yake yalipangwa maumbo: miraba, mistatili, duara, pembe tatu. Umbo ulilibonyeza kwa kipanya, ukalivuta, ukalidondosha kwenye ukurasa mweupe. Chini ya maumbo kulikuwa na mistari, na chini ya mistari kulikuwa na kitu kilichofanana kabisa na mstari, ila kilikuwa na nukta kila upande.

"Hiki kinaitwa kiunganishi," alisema mwalimu.

"Mwalimu," Chapuchapu alidakia, "viunganishi si ni 'na', 'lakini', 'kwa sababu'?"

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alitabasamu. "Ndugu yao ni huyu. Kule kwenye sarufi kinashika sentensi mbili. Hapa kinashika maumbo mawili. Tazameni."

Alichora masanduku mawili na kuyaunganisha. Kila ncha ya kiunganishi ilipolikaribia sanduku, nukta iligeuka kijani, ikanata. Kisha akalivuta sanduku moja hadi pembeni ya ukurasa. Kiunganishi kikajirefusha, kikalifuata. Akachora masanduku mengine mawili, safari hii akaweka mstari wa kawaida kati yao. Kwa macho hukuona tofauti yoyote. Alipolivuta sanduku, mstari ulibaki palepale, ukielekeza kwenye nafasi tupu.

"Kugusa si kushika," alisema mwalimu. "Ukitaka kujua umeunganisha au umegusisha tu, vuta umbo uone."

Babu alimpa Chapuchapu orodha yote, jioni moja, naye akaiandika kwenye daftari. Kesho yake yeye na Rula waliketi mbele ya kompyuta. Safu ya kushoto waliweka koki kumi na nne, ya kwanza juu, ya mwisho chini. Safu ya kulia waliweka vyumba kumi na vinne, kila kimoja mkabala na koki yake. Ilibaki kuunganisha.

Viunganishi vitano vya kwanza Chapuchapu aliviweka vizuri, lakini vilimchosha. Ukiharakisha mkono, kiunganishi kilidaka nukta ya juu ya sanduku badala ya nukta ya ubavuni, kikajipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Ilibidi ukifute uanze upya. Nje, wenzao walikuwa wameshaanza kucheza mpira. Alipofika koki ya sita aliuacha upande wa viunganishi, akachukua mstari wa kawaida. Mmoja, miwili, mitatu. Mistari tisa ikakamilika kabla Rula hajamaliza kuchonga penseli.

"Hiyo ni mistari," Rula alinong'ona.

"Imegusa."

"Kugusa si ..."

"Acha kunihubiria, Rula. Vyumba vya kituo cha afya vina miguu? Vitahamia wapi?"

Rula aliendelea kuchonga penseli yake.

Mwalimu alipokuja kukagua, Chapuchapu alishika kipanya mwenyewe. Akalivuta sanduku la maabara, la tatu kutoka juu. Kiunganishi kikafuata kwa utiifu.

"Safi. Na vingine vyote viko hivyo?"

"Vyote, mwalimu."

Neno lilitoka upesi, kama kila kitu chake. Mwalimu alimpiga bega kidogo akaenda kwa wanafunzi wengine. Rula alitazama viatu vyake.

Faili lilipelekwa kwa karani wa kituo cha afya. Karani alikuwa mtu makini, na aliona kwamba chumba kipya cha chanjo, ambacho mabomba yake yalikuwa hayajafungwa bado, hakimo kwenye mchoro. Akaichukua safu yote ya vyumba, akaishusha hatua moja, na juu akaweka sanduku la chanjo. Kwa macho yake mchoro ulibaki nadhifu. Viunganishi vitano vya juu viliinama kufuata vyumba vyake, na mistari ilikuwa bado inagusa masanduku. Ila tu kuanzia wa sita, kila mstari uligusa sanduku lisilo lake.

Akachapisha, akampelekea Babu asaini kabla karatasi haijavishwa plastiki. Babu alikuwa ameacha miwani nyumbani.

"Hutaki kusoma kwanza, mzee?" karani aliuliza.

"Amechora mjukuu wangu," Babu alijibu. "Nikague nini?"

Akasaini.

Wiki mbili baadaye Babu alichukua likizo ya siku tatu, ili fundi mpya azoee kazi. Siku ya pili, bomba lilipasuka katika chumba cha kufulia. Fundi mpya alikimbilia chumba cha pampu, akasoma mchoro ukutani, na mchoro ulimwambia kufulia ni koki ya kumi na mbili. Akaifunga. Maji yakakauka wodi ya wazazi, mahali ambapo mama mmoja alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Wakunga walichota maji kwa ndoo kutoka tangi la nje, wakipokezana kwenye korido. Huko kufulia maji yaliendelea kumwagika. Walipiga simu kwa Babu, lakini simu ilikuwa ikiita ndani ya koti nyuma ya mlango, na yeye alikuwa uani anafyeka majani. Mpaka fundi mpya alipofunga koki kuu na kukinyima kituo kizima maji, mashuka ya wodi zote yalikuwa yanaelea, na katoni za bandeji zilizohifadhiwa hapo zilikuwa uji.

Mtoto alizaliwa salama. Watu walimshukuru Mungu, kisha wakaanza kutafuta wa kulaumiwa. Hawakutafuta mbali. Chini ya mchoro kulikuwa na saini.

Hakuna aliyemfokea Babu. Ingekuwa afadhali wamfokee. Mganga mkuu alimkaribisha kiti, akazungumza kwa upole kama anavyozungumza na mgonjwa. "Mzee wetu, umetutumikia sana. Umri ni umri. Pumzika sasa, usisubiri hiyo miezi."

Jioni hiyo Babu alinawa mikono hadi kwenye viwiko. Akasimama mbele ya msumari, mkono ukainuka nusu, ukashuka.

Chapuchapu alikuwa na daftari. Alilifungua usiku huohuo na kusoma mwandiko wake mwenyewe: *11, kufulia. 12, wazazi.* Kesho yake wakati wa mapumziko aliingia chumba cha kompyuta, akafungua faili lililorudishwa na karani. Alishika sanduku moja la chini, akalivuta. Mstari haukufuata. Akavuta jingine. Chini kabisa ya ukurasa, chumba cha kumi na nne kilikaa peke yake, bila mstari wowote, kama mtoto aliyesahaulika sokoni. Alifunga faili, akazima kompyuta, akarudi darasani akiwa wa mwisho kuingia.

Hakusema. Siku ya kwanza alijiambia atasema kesho. Siku ya pili alijiambia kwamba aliyesogeza masanduku ni karani, siyo yeye. Siku ya tatu Babu alimwita.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono imelala juu ya magoti, safi mno kwa mikono ya fundi.

"Mama, nieleze ukweli. Siku ile ulipoandika. Nilikuambia kufulia ni kumi na moja, au nilisema kumi na mbili?"

Chapuchapu aliyaona macho yake. Hayakuwa yakimshtaki. Yalikuwa yakiomba.

"Sikumbuki, Babu."

Babu alitikisa kichwa taratibu. "Hata mimi. Kichwani naiona kumi na moja. Lakini saini ni yangu. Basi mdomo umeanza kusema yake na kichwa yake."

Tangu hapo alianza kujihofia. Alimwambia Bibi asimwachie jiko linalowaka. Alipotumwa dukani sabuni, aliandika "sabuni" kwenye kiganja. Spana yake kubwa aliitoa kwenye sanduku la vifaa, akaipangusa, akamtumia fundi mpya. "Asiyejua koki zake akae na spana ya nini," alisema. Bibi alijaribu kumtania, akamwambia kwamba hata ujanani alikuwa akisahau, maana alisahau kumletea zawadi ya harusi mpaka leo. Babu hakucheka. Alimtazama mkewe kwa makini akauliza, "Kweli sikukuletea?"

Bibi alikwenda jikoni na hakutoka kwa muda mrefu.

Shuleni, Rula alisogea mwisho wa dawati. "Nilikwenda kituoni na mama," alisema bila kumtazama. "Nimeuona mchoro. Mimi nilinyamaza siku ile, na nimejuta. Leo sinyamazi. Ikifika Ijumaa hujasema, nitasema mimi."

"Wewe ni rafiki yangu kweli?"

"Ndiyo maana nimekupa mpaka Ijumaa."

Alhamisi ikafika. Chapuchapu alirudi nyumbani na daftari kifuani. Alimkuta Babu, akapiga magoti mbele ya kigoda, akaliweka daftari mapajani pake, likiwa wazi.

"Ulisema kumi na moja, Babu. Niliandika kumi na moja. Mimi ndiye niliyechora vibaya. Niliweka mistari tisa isiyoshika, nikamdanganya mwalimu kwamba imeshika. Karani aliposogeza vyumba, mistari ilibaki."

Babu alivaa miwani. Aliusoma ukurasa kuanzia koki ya kwanza hadi ya kumi na nne, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipomaliza alianza tena juu.

"Umejua lini?"

"Leo siku ya nane, Babu."

"Siku nane." Alivua miwani. "Nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Chapuchapu alisubiri kofi, au angalau kelele. Babu alisimama, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Maji yalichuruzika kwa muda mrefu. "Kesho," alisema akiwa amempa mgongo, "utasema hivyohivyo kwa mwalimu wako, na mbele ya mganga mkuu."

Asubuhi mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akampa karatasi aandike barua. Chapuchapu aliandika: *Nilitumia mistari badala ya viunganishi, lakini karani alisogeza vyumba bila kuuliza.* Mwalimu alichukua kalamu nyekundu akalizungushia neno moja duara.

"Hicho ni nini?"

"Lakini."

"Aina gani ya neno?"

"Kiunganishi," alisema Chapuchapu kwa sauti ndogo.

"Kinaunganisha nini hapa? Kosa lako umelifunga kwa karani. Kwako halijashikwa popote. Andika upya."

Aliandika mara tatu. Ya mwisho ilikuwa fupi: *Nilitumia mistari kwa sababu nilitaka kwenda kucheza. Nilimwambia mwalimu uongo, na wodi ya wazazi ikakosa maji. Nilinyamaza siku nane, na Babu yangu akaamini kwamba amepoteza akili.*

Mchana, wote wanne, Babu, mwalimu, Rula na Chapuchapu, walisimama katika chumba cha pampu pamoja na mganga mkuu, karani na fundi mpya. Mganga mkuu aliisoma barua, akaikunja, akasema polepole, "Mzee, tuone."

Babu hakutazama mchoro ukutani. Alimtuma fundi mpya chumba cha kufulia, akafungue bomba na kupiga kelele kila badiliko. Kisha akaweka mkono juu ya koki ya kumi na moja. Kwa kitambo hakuizungusha. Chapuchapu aliona midomo ya Babu ikihesabu koki upya kutoka ya kwanza, na ndipo alipoelewa kwamba hata sasa, baada ya daftari na barua, Babu alikuwa anaogopa.

Akazungusha.

"Yamekata," sauti ya fundi mpya ilitoka mbali.

Babu alipumua. Akafungua, akafunga tena. "Yamekata tena, mzee."

Karani alifuta macho, akasema alipaswa kusoma upya alipovishusha vyumba. Mganga mkuu alimshika Babu mkono kwa mikono yake miwili. "Tumekukosea. Niliona saini, sikuuliza zaidi. Siwezi kuirudisha barua ya kustaafu, imeshakwenda juu. Ila funguo, ukitaka, uje uzichukue hiyo miezi iliyobaki, ufanye kazi na kijana."

"Funguo kaeni nazo," alisema Babu. "Mimi nilifuata kichwa changu. Nimeshakipata."

Wiki iliyofuata Chapuchapu alichora upya, na Rula kando yake. Hakugusa upande wa mistari. Aliweka viunganishi kumi na vinne na kusubiri kila nukta igeuke kijani, pande zote mbili. Kilichojipinda alikifuta. Wenzao walicheza mpira wakamaliza, wakaenda nyumbani.

Mwalimu alimwita Babu aje akague. Alikuja na miwani, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Vuta," alisema Babu.

Chapuchapu alivuta sanduku la kwanza. "Limefuatwa, Babu."

"Jingine."

Walivuta yote kumi na manne. Wakati wa kusaini, Babu alisoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka, huku mwalimu, Rula na Chapuchapu wakimngoja. Mwisho akaweka saini yake, akafunga kalamu.

"Nisikilizeni nyote wawili," alisema. "Haraka peke yake si dhambi, hata maji hukimbia. Uvivu nao hutibika. Uongo ndio mbaya, kwa sababu uongo ni kama huo mstari wako. Ukiutazama, kila kitu kimekaa sawa. Siku kitu kikisogea kidogo tu, ndipo unapojulikana kuwa haukushika popote, na anayeumia ni yule aliyeuamini. Unachofanya na kinachotokea baadaye, mjukuu wangu, vifunge pamoja. Usiviache viguse tu."

"Nimesikia, Babu. Nisamehe."

"Nilishakusamehe Alhamisi ile, nikiwa nanawa," alisema Babu. "Kuamini ndiko kunakochelewa."

Msumari kando ya mlango ulibaki mtupu. Mchezo wao ulirudi, kwa sababu Chapuchapu aliomba urudi, na Babu hakukosea hata namba moja. Lakini jioni, Bibi alipouliza kama geti limefungwa, na Chapuchapu akajibu kwamba amelifunga mwenyewe, Babu aliinuka kigodani, akavaa viatu, akatoka kwenda kulivuta.